Fundi wa Simu Anajibu: Mkono Usio na Waya, Ninunue au Nisinunue?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeshika jambo moja: simu ya mezani ambayo mkono wake hauna waya, unaubeba ukaenda nao jikoni au uani, na kitako chake kikabaki ukumbini. Ndefu nimezifupisha bila kugusa swali lenyewe. Kwa wasomaji wapya, nilikuwa fundi wa laini na mitambo ya simu Tanga, tangu enzi za Posta na Simu, na simu ya nyumbani ni jambo lililo karibu na moyo wangu mpaka leo. Nitajibu kwa uzito unaostahili.

SWALI: Shikamoo fundi. Mama yangu ni mtu mzima wa miaka 78, anakaa Moshi na msichana anayemsaidia kazi. Laini ya simu ya nyumba ile ilivutwa baba akiwa hai, na namba yake ukoo mzima unaijua kwa kichwa. Simu iko ukumbini, mama yuko chumbani au uani, na magoti hayamruhusu kuukimbilia mlio. Akifika, imeshakata. Simu ya mkononi anayo, lakini mara imezimika, mara iko kabatini, mara amebonyeza pasipo. Nataka kumnunulia ya mezani isiyo na waya. Kaka zangu wanasema ni kutupa hela. Unasemaje? – Binti yake, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnunulie, na usingoje sikukuu. Mtu wa umri wa mama yako anaweza kuanguka akiukimbilia mlio, na kwa mzee nyonga ikivunjika ni kitanda cha miezi. Hilo peke yake linatosha kuwajibu kaka zako.

Chukua seti yenye mikono miwili. Kitako kimoja ndicho kinachochomekwa kwenye soketi ya simu. Mkono wa pili una kikalio chake kidogo cha kuchajia, nacho kinataka umeme tu, kwa hiyo utakiweka pembeni ya kitanda bila kumwita fundi aje kuvuta waya. Simu ikiita, mikono yote miwili inaita. Mmoja ubaki kitandani, mwingine atembee nao. Tafuta yenye vibonye vikubwa na sauti inayoongezeka hadi mtu mwenye masikio mazito asikie. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya wazee hasa, na kama mama anavaa kifaa cha kusaidia kusikia, uliza dukani kama simu inaelewana nacho, kisha aijaribu sikioni kabla hujalipa.

Mikono hiyo huweza pia kuitana yenyewe kwa yenyewe, bila kugusa laini na bila kulipiwa senti. Mama akitaka maji usiku anambonyezea msichana, hana haja ya kupiga kelele. Na kitako kina kibonye cha kutafutia: ukikibonyeza, mkono uliopotea unalia mpaka uokotwe chini ya mto.

Sasa sikiliza upande wa pili, maana huo muuzaji hatakueleza. Simu ya waya ya zamani haichomekwi kwenye umeme wa nyumba. Inalishwa na mtambo, kupitia nyaya zile zile mbili za shaba zinazoleta sauti. Kwenye jengo la mtambo kuna chumba cha betri: seli kubwa za risasi na tindikali, volti mbili kila moja, 24 zimeungwa mfululizo zikatoa volti 48. Nimefanya kazi katika vyumba hivyo. Tulikuwa tukizipima moja moja na kuziongezea maji ya betri, na harufu ya tindikali ilirudi nasi nyumbani ndani ya nguo. Pembeni palikuwa na jenereta ya kuzijaza umeme ukikatika. Hata mlio unatoka huko huko: simu inapoita, mtambo unatuma umeme wa mkondo geu wa volti 75 hadi 90 hivi, na fundi aliyeshika nyaya wazi wakati huo hupigwa akaruka. Kazi yote ile ilikuwa na maana moja, kwamba mji ukiwa gizani mtu aweze kuinua simu akamwita daktari, polisi au jirani.

Simu isiyo na waya imeuvunja mpango huo. Kitako chake ni redio ndogo, na redio hiyo inakula umeme wa nyumba. Umeme ukikatika kitako kinazimika, na mkono hata ukiwa na betri iliyojaa hauna wa kuzungumza naye. Wanaonunua wengi wanadhani betri ya mkono itawasaidia kwenye giza. Haitawasaidia. Simu itakuwa kimya, na anayepiga kutoka nje atasikia inaita tu bila kupokewa, akadhani hakuna mtu nyumbani.

Kwa hiyo simu ya zamani ya mama usiitoe. Nunua kigawanyo cha soketi ya simu, kile kidogo chenye matundu mawili. Tundu moja lichukue simu ya waya, la pili kitako kipya. Zote zitaita, na umeme ukienda ile ya waya itabaki hai. Uiweke mahali ambapo mama ataifikia gizani kwa kupapasa ukuta. Kama uwezo upo, mwekee kitako UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku chenye betri ya kushika umeme ukikatika. Kitako kinatumia umeme kidogo sana, kwa hiyo UPS inayobeba kompyuta kwa dakika chache itakibeba kwa muda mrefu zaidi. Ukishamaliza, zima swichi kuu ya nyumba mchana kweupe, mwambie mama apige simu akiwa kwenye hali hiyo. Apige yeye mwenyewe, si msichana. Mkono wake ukishaijua njia mchana, usiku hautababaika.

SWALI: Mzee, habari. Kaka yetu anayeishi Minnesota ametuletea seti nzuri ya simu zisizo na waya, mikono minne. Boksi limeandikwa DECT 6.0. Mtaalamu mmoja hapa mtaani ameniambia ninunue adapta ya plagi tu niichomeke. Niendelee? – Nakuru

JIBU: Usiichomeke, ndugu yangu. Huyo aliyekushauri ameona umbo la plagi, hakuutazama umeme. Marekani wanatumia volti 120, Kenya ni 240. Chukua kile kichwa cheusi cha kuchomeka ukutani ukisome mgongoni. Kikiandikwa kwamba kinapokea 100 hadi 240, umeme hautakidhuru. Kikiandikwa 120 peke yake, kitanuka moshi kabla hujapiga simu ya kwanza, na kwenye seti ya mikono minne utakuwa na vichwa vinne vya kuunguza.

Lakini hata umeme ukikubali, kuna kizuizi kikubwa zaidi ambacho adapta haikitibu. DECT ni mfumo wa kidijitali wa simu za nyumbani zisizo na waya. Simu za DECT za Ulaya, ambazo ndizo zinazofaa pia huku kwetu, zinazungumza katika masafa ya megahezi 1880 hadi 1900. Za Marekani, hizo zenye jina la DECT 6.0, ziko kwenye 1920 hadi 1930. Masafa hayo huku yamo ndani ya njia ambayo simu za mkononi za 3G hutumia kupeleka sauti na data kwenye mnara. Ukiwasha seti hiyo, mnara wa jirani unaanza kusikia kelele zako juu ya sauti za watu. Ulaya hawaruhusu kuzitumia kwa sababu hiyo hiyo, na Kenya vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Tafadhali mshukuru kaka yako kwa dhati, mwambie arudi nayo au ampe mtu huko huko. Akitaka kuwanunulia nyingine, ndugu au rafiki aliyeko Uingereza anaweza kuwaletea ya DECT ya kawaida. Plagi ya umeme ya Uingereza ni ile ile yenu ya meno matatu ya bapa. Kichwa cha waya wa simu ndicho tofauti, na hicho fundi anakibadilisha kwa kazi ya muda mfupi.

SWALI: Asalaam aleikum. Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja, ina ghorofa tatu. Kitako tumekiweka chini dukani. Ghorofa ya pili sauti inakatika katika, ya juu haifiki kabisa. Boksi linasema mita 50 ndani ya nyumba na mita 300 nje. Tumedanganywa? – Shangani

JIBU: Waaleikum salaam. Hamkudanganywa, ila waliopima mita hizo hawakupima ndani ya nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zenu zina unene wa nusu mita au zaidi, na mawimbi yakivuka ukuta mmoja wa namna hiyo yanatoka upande wa pili yamechoka. Kuta mbili ni mwisho wa safari.

Kitoeni dukani. Kipandisheni ghorofa ya kati, kwenye ngazi au kwenye upenyo wa uwanja wa ndani, pale ambapo hewa inapanda na kushuka bila ukuta. Mawimbi yatafuata njia hiyo hiyo. Ubao hauna ubaya, hata mlango mzito wa kuchonga yanapita. Adui yenu ni chuma: nondo kwenye zege la ukarabati, mabati, tangi la maji, friji, hata kioo kikubwa cha ukutani. Kama bado juu haifiki, vipo vifaa vya kupokea mawimbi na kuyarudisha, lakini lazima kiwe kinaelewana na aina ya simu yenu. Msinunue kabla ya kujaribu kuhamisha kitako, maana mara nyingi kuhamisha kunatosha.

Na kwa kuwa mko ufukweni, kuna chumvi. Vile vyuma vidogo viwili vya kuchajia, kwenye mkono na kwenye kikalio, vinafanya ukungu wa kijani au mweusi, na mtu anadhani betri imekufa. Vifuteni kwa kifutio cha penseli, kikavu, kisha kitambaa. Msitumie maji wala msasa. Nyumba za pwani ifanyeni kazi hiyo kila mara mnapofagia juu ya makabati.

SWALI: Fundi, mkono wangu nikizungumza dakika tano unalia unakata. Nimeshaweka betri mpya za redio, umezidi. Simu ina miaka minne tu. – Dodoma

JIBU: Zitoe betri hizo leo, usisubiri kesho. Betri za redio hazichajiwi. Kikalio hakijui tofauti, kinaendelea kuzisukumia umeme, nazo zinapata joto, zinavimba, zinatoa maji yanayokula vyuma, na huweza kupasuka. Mkono wa simu unataka betri za kuchajiwa, zilizoandikwa NiMH, volti 1.2 kila moja, ukubwa wa AAA kwa simu nyingi. Angalia namba ya uwezo kwenye zile ulizozitoa mwanzo, 550 au 750 au yoyote ile, ununue zinazolingana. Nunua mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu. Ziache kwenye kikalio kutwa nzima na usiku kabla ya kuzitumia.

Miaka minne kwa betri hizo ni umri mzuri. Hili ni gharama ya simu isiyo na waya ambayo watu hawaihesabu wanaponunua: simu ya waya ilikudai betri lini? Kabla hujanunua simu yoyote fungua kifuniko cha nyuma uone. Ikiwa inatumia betri za AAA za kawaida, utazipata popote. Ikiwa ina kifurushi chake maalumu chenye waya na kichwa cheupe cha plastiki, siku kikifa huenda ukalizunguka soko zima usikipate, na simu nzima ikawa imekufa pamoja nacho.

Zile za zamani zaidi, zilizoandikwa NiCd, ndani zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Tuna mazoea ya kuchoma taka uani. Nakuombeni kwa moyo wote, betri hizo msizichome wala msizitupe shimoni karibu na kisima.

SWALI: Mzee shikamoo. Nina simu isiyo na waya iliyoletwa kutoka Dubai zamani, ina antena ndefu. Usiku nainua mkono, nasikia mama jirani anazungumza na mwanawe. Kama mimi namsikia, naye ananisikia? Mimi ni mfanyabiashara, mambo yangu ya pesa napitisha humo. – Mwanamke wa Mombasa

JIBU: Marahaba. Ndiyo mwanangu, anakusikia. Na si yeye tu, mtu yeyote mwenye redio inayofika masafa hayo anakusikia. Simu za aina hiyo zinarusha sauti wazi kama ilivyo. Hazina kificho, na kitako cha jirani kikitumia njia ile ile mnaingiliana. Iache. Biashara yako ina thamani kuliko kifaa kile.

Simu za DECT ni za kidijitali. Mkono unasajiliwa kwenye kitako chake, na kitako hakipokei mkono ambao hakikuusajili. Zina pia uwezo wa kuifumba sauti isieleweke njiani. Nasema uwezo, kwa sababu si kila mtengenezaji aliuwasha. Desemba 2008, mjini Berlin, watafiti walionyesha hadharani kwamba kwa kompyuta na kadi ya bei ndogo waliweza kusikiliza simu nyingi za DECT, nyingine kwa kuwa hazikufumba sauti hata kidogo. Kwa hiyo nunua ya miaka ya karibuni, ya mtengenezaji anayejulikana, na ubadilishe namba ya siri ya kitako, ile inayokuja nayo kutoka kiwandani kama 0000. Namba ya siri ya benki au ya M-Pesa usiitamke kwenye simu yoyote ile, iwe ya waya au isiyo ya waya. Kwenye nyumba yenye simu mbili kwenye laini moja, mtu wa chumba cha pili akiinua mkono taratibu anasikia kila neno, na hilo halihitaji utaalamu wa Berlin.

Zipo pia zile zinazouzwa kwa sifa ya kwenda kilomita kadhaa kutoka nyumbani. Nguvu na masafa yake si ya simu ya nyumbani, na mara nyingi huingilia redio za watu wengine. Ukiletewa, kataa.

SWALI: Huku Bukoba radi ni za kila msimu. Babu alitukataza kugusa simu mvua ikinyesha. Je, isiyo na waya ni salama? – Kagera

JIBU: Babu yako alikuwa sahihi. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na waya wa simu unaopita juu ya nguzo unaweza kuleta pigo la mbali hadi sikioni kwa anayezungumza. Hapa mkono usio na waya una faida ya kweli: hakuna kitu cha shaba kinachokuunganisha na nguzo, kwa hiyo wewe uko salama zaidi. Lakini kitako kiko hatarini mara mbili, maana kimeshikwa na nyaya pande mbili, ya simu na ya umeme. Pigo likipita popote kati ya hizo, kimeungua. Wingu likianza kujikusanya, chomoa zote mbili. Radi ikishaanza kupiga usiende tena kuchomoa, iache iungue.

SWALI: Nina mtoto wa miezi minne. Shemeji ananiambia kitako cha simu kinatoa mionzi ya saratani usiku na mchana. Nitupe simu? – Mama mdogo, Morogoro

JIBU: Usiitupe, mwanangu, ihamishe. Shemeji ana sehemu ya ukweli. Kitako cha DECT kinatoa mawimbi kila wakati, hata pasipo mtu kuzungumza, ili mkono ujue kipo. Mwaka 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliyaweka mawimbi ya redio, yakiwemo ya simu hizi, katika kundi la 2B: vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ushahidi wake ukiwa haujatosha. Hawakusema vinasababisha.

Sasa tazama kiasi chake. Mkono wa DECT unarusha kwa vipande vifupi vifupi, na ukichukua wastani ni kama miliwati 10. Simu ya mkononi ya GSM, ikiwa mbali na mnara, wastani wake unaweza kufika miliwati 250. Kwa hiyo mtu anayehofia mawimbi akaacha simu ya nyumbani na kushinda na simu ya mkononi sikioni amejiongezea kile anachokikimbia. Kitako kisikae kwenye chumba anacholala mtoto, mawimbi yanapungua haraka sana kwa kila hatua unayosogea. Nyingine zina mpangilio ulioandikwa ECO, uwashe. Inatosha, na umlee mtoto bila hofu.

SWALI: Nina simu ya mezani inayowekwa laini kama ya mkononi, haina waya wa ukutani. Hiyo siyo isiyo na waya? – Arusha

JIBU: Siyo hiyo. Yako ni simu ya mkononi iliyovikwa umbo la mezani: inaongea na mnara moja kwa moja, na kampuni za Tanzania na Kenya zilizigawa sana miaka ya 2000 kwa mfumo wa CDMA. Nyingi zina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika zinaendelea kwa muda, na hilo ni jambo zuri. Udhaifu wake ni kwamba mtandao ule ukifungwa, simu inakufa hata kama ni nzima. Kabla ya kununua iliyotumika, iwekee laini yako hapo hapo dukani na upige.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko London na mama mkwe wangu, ana miaka 81. Kampuni ya simu imetuandikia kwamba laini ya shaba inaondolewa, na simu itachomekwa nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti. Ana simu isiyo na waya anayoipenda, na kengele ya shingoni ya kuitia msaada akianguka. Nifanye nini? – Mkaza mwana

JIBU: Marahaba. Barua hiyo ni ya kweli, msiidharau. Uingereza wanazima laini zote za analogi. Mwanzoni walisema Desemba 2025, wakasogeza hadi Januari 2027. Simu yake haitakufa. Kitako kinachomolewa ukutani, kinachomekwa kwenye tundu la simu la ruta, na mambo yanaendelea.

Kinachobadilika ni yale niliyomweleza binti wa Moshi. Chumba cha betri cha mtambo hakiwalishi tena. Hata simu ya waya sasa inalishwa na ruta, na ruta inalishwa na umeme wa nyumba. Nyinyi mliovutiwa faiba Dar es Salaam na Nairobi, mkiwa mmechomeka simu ya mezani kwenye kisanduku chake, hili linawahusu vile vile.

Sheria ya huko iko upande wenu. Msimamizi wa mawasiliano, Ofcom, anazitaka kampuni zimpe mteja anayetegemea simu ya nyumbani njia ya kupiga namba za dharura kwa muda usiopungua saa moja umeme ukiwa umekatika. Ipigie kampuni, useme wazi umri wake na kwamba anavaa kengele, na uombe betri ya akiba ya ruta. Wengi hawapewi kwa sababu hawakuomba. Betri hiyo ikija, kumbuka inaibeba ruta, haikibebi kitako cha simu isiyo na waya. Kwa hiyo nunueni simu ya waya ya kawaida, ichomekeni kwenye ruta pamoja na kitako kwa kigawanyo, ikae karibu na kiti chake. Umeme ukienda, betri inailisha ruta, ruta inailisha simu ya waya, naye anapiga 999.

Kengele ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nyingine za zamani hazifanyi kazi kwenye laini ya kidijitali, na mvaaji hajui mpaka aibonyeze akiwa sakafuni. Mpigie anayeihudumia, umpe tarehe ya kuhamishwa, umuulize kama kifaa kinakubali laini mpya au anakibadilisha, na asikilize jaribio siku hiyo hiyo. Kabla hajajibu, msiwape kampuni ya simu ruhusa ya kuwahamisha.